Tulisafiri Pamoja, Tukafika Kila Mmoja kwa Siku Yake

Barua ya uhamisho ya mume wangu ilitufikia Oktoba 2017. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani barazani kwetu Tandika, pini nimezibana mdomoni. Aliisoma kwa sauti, akairudia. Kuanzia Januari kituo chake cha kazi kingekuwa Mbeya. Mama yake, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi, aliacha kuchambua mchele, akauliza swali moja: "Huko nazi zipo?"

Hakuna aliyemjibu. Mbeya mimi mwenyewe nilikuwa naijua kwa magunia tu. Pale sokoni Tandika wauzaji huita "viazi vya Mbeya" na "mchele wa Kyela" kama watu wanaotaja sifa, na mteja haulizi zaidi. Miaka kumi na mitatu ya ndoa nilikuwa nimepika mazao ya mkoa huo kila wiki, na sikuwahi kujiuliza yanalimwa na nani, katika baridi gani.

Tulikuwa watu watano: mimi na mume wangu, mtoto wa kiume wa miaka kumi na mmoja, wa kike wa miaka sita, na Bibi, ambaye umri wake ulikaribia miaka sabini na alikuwa hajawahi kulala mbali na bahari ila alipozaliwa, Rufiji. Tulikuwa na miezi miwili ya kufungasha.

Shemeji yangu, anayejua mambo ya malori, ndiye aliyetufundisha siri ya mizigo. Malori mengi kutoka Nyanda za Juu huteremka Dar es Salaam yamejaa viazi, mchele na ndizi. Yakishashusha, dereva hutafuta mzigo wa kupandisha ili asirudi mtupu. Ukimpata dereva wa namna hiyo, bei yake inazungumzika. Tulimpata mmoja soko la Mabibo akishusha mikungu ya ndizi, na siku ya tatu fuso lake lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba yetu. Lilibeba vitanda, makabati, friji, cherehani zangu mbili na feni tatu. Utingo alipopokea feni ya tatu aliigeuzageuza, akaniuliza kwa upole, "Mama, huko utampepea nani?" Nikamwambia apakie tu.

Bibi alikataa vitu vinne visiguswe na utingo: mbuzi yake ya kukunia nazi, kifumbu, mkeka wa ukindu aliousuka mwenyewe, na pakacha lenye nazi ishirini. Hivyo alisema atakwenda navyo mkononi. Kisha akataja sharti lake la pili. Mume wangu alikuwa ameshaulizia basi, linaloondoka alfajiri na kufika usiku huohuo. Bibi akasema, "Kama ni lazima niende, nitapita njia aliyoijenga marehemu."

Basi tukaenda na treni ya TAZARA.

Marehemu baba mkwe sikumkuta. Nilichokijua ni kwamba ujanani alifanya kazi kwenye ujenzi wa reli, na kwamba ipo bahasha ya barua zake chini ya godoro la Bibi. Reli ile, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya makubaliano yaliyotiwa saini Beijing mwaka 1967. Zambia ilitaka shaba yake ifike baharini bila kupita Rhodesia ya walowezi. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakasimama pamoja. Kazi ilianza 1970, ikakamilika 1975, na mwaka uliofuata reli ikakabidhiwa kwa nchi mbili zinazoimiliki. Vitabu vya shule vinaeleza hivyo. Havielezi kwamba kila kibarua aliyepanda mlimani aliacha mtu Tandika, Utete au Kibiti akisubiri barua.

Tuliondoka Ijumaa moja ya Desemba, alasiri. Ndani ya treni wanaume na wanawake hulala vyumba tofauti, isipokuwa familia ikate tiketi za chumba kizima. Tukalipia vitanda vyote sita vya chumba cha daraja la pili ili tukae pamoja. Kitanda cha sita likapewa pakacha la nazi.

Jiji lilituachia polepole: mabati ya Yombo, mashamba ya mihogo, mikorosho, kisha msitu. Giza lilipoanza kuingia tulikuwa tunakata pori la Selous, eneo ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mwanangu wa kiume aliona twiga wawili wamesimama karibu na reli, wakiitazama treni kama wazee wanaohesabu wapitaji. Hakupiga kelele. Tangu aliposikia habari ya kuhama alikuwa ameacha kupiga kelele kwa jambo lolote. Aliwatazama tu mpaka dirisha likawa jeusi.

Usiku ulikuwa wa stesheni. Kila treni iliposimama, tochi zilikuja mbio chini ya madirisha, na sauti za kina mama zikauza ndizi, samaki wa kukaanga, mchele wa Ifakara. Nilisinzia, nikaamka, nikasinzia. Alfajiri niliamshwa na baridi. Tulikuwa tumeshapita Mlimba, na treni ilikuwa inapanda.

Sijui kama ipo njia nyingine nchini inayomwonyesha msafiri kwa uwazi namna hiyo jinsi ardhi inavyonyanyuka. Kati ya Mlimba na Makambako reli inajikunja kwenye kuta za milima, inaruka mabonde kwa madaraja marefu, inaingia ndani ya mwamba na kutokea upande wa pili. Mahandaki ya reli nzima ni zaidi ya 20, na mengi yako kipande hicho. Bibi alikuwa amekaa dirishani, kanga mbili mabegani, akihesabu kwa vidole. Alipofika la saba alipotewa na hesabu, akaanza kuzungumza.

Mwaka 1972, alisema, marehemu alimwandikia kutoka upande huu. Alimwambia kwamba asubuhi maji yanaunguza mikono kwa ubaridi. Kwamba wanalala wamevaa kila nguo waliyonayo. Kwamba wanatoboa mlima kutoka pande mbili, na siku pande hizo zilipokutana watu walishikana mikono gizani, Wachina na Waswahili, bila kuelewana lugha. Yeye, binti wa miaka ishirini na mitatu aliyekuwa hajui mlima ni nini, alidhani mumewe anatia chumvi ili aonekane shujaa. Hakumjibu vizuri. Bibi aliweka kiganja kwenye kioo cha dirisha, akakiacha pale mpaka kikapata baridi.

"Kumbe hakunidanganya," akasema.

Makambako reli inakutana na barabara kuu ya Zambia, na upepo wa pale uliingia chumbani kama mtu aliyekuja kudai. Tukateremka kuelekea tambarare za Usangu, mashamba ya mpunga yakimeta maji, kisha tukapanda tena hadi Uyole, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, sehemu ya juu kabisa ya reli yote. Jioni, mvua ikinyesha, tulishuka stesheni ya Mbeya. Safari yetu niliihesabu imekwisha. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba aliyefika jioni ile alikuwa mmoja tu.

Huyo alikuwa binti yangu. Fuso lilikuwa limetutangulia, na nyumba tuliyopanga mtaa wa Soweto ilikuwa imejaa vitu bila mpangilio. Nilitandika magodoro sakafuni, nikamfunika blanketi jipya zito. Kule Tandika alikuwa akilala na upande wa kanga, feni ikimvumia, chandarua kikimgusa uso. Usiku ule aliinua kichwa gizani, akasikiliza. "Mama, mbona mbu hawaimbi?" Kabla sijapata jibu, alijikunja ndani ya blanketi kama kifaranga, akalala. Asubuhi alitoka nje, akaukuta mlima Loleza umesimama juu ya mji, nusu yake imo kwenye wingu. Akaja kuniita nikauone kabla haujaondoka. Tangu siku hiyo Dar es Salaam kwake ikawa hadithi ya zamani, na mimi nikafanya kosa ambalo naomba wazazi wengine wasilirudie: nilipomwona mdogo anacheka, nikaamini nyumba nzima imefika.

Kaka yake alikuwa bado njiani. Shule ilipofunguliwa Januari alikuta tope jekundu linalomeza viatu, alikuta mabuti ya mpira ni sehemu ya maisha, na alikuta wenzake wakichanganya Kiswahili na Kinyakyusa au Kisafwa kila mpira ulipowachemsha damu. Walimuuliza kila siku, "Wewe wa wapi?" Akijibu wa Dar, walicheka. Akijibu wa hapa, walicheka zaidi. Hakuna aliyemdhuru, ni watoto tu. Lakini swali lilelile likiulizwa kila siku linachimba, na aliporudi nyumbani alikuwa anakaa na Bibi jikoni, wawili hao wakiomboleza bahari bila kuitaja.

Bibi mwenyewe alikuwa anapigana na sufuria. Nazi ishirini ziliisha kabla ya Februari. Za sokoni Mwanjelwa zinapandishwa kwa lori kutoka pwani, na bei yake ilikuwa mara kadhaa ya ile ya Tandika. Maharage nayo yalimkatalia: aliyachemsha tangu saa nne, na saa nane bado yalikuwa yanagonga meno. Alilaumu mkaa, akalaumu sufuria. Mjukuu wake ndiye aliyeleta jawabu kutoka darasani. Kadiri unavyopanda juu, mgandamizo wa hewa unapungua na maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kwa kimo cha Mbeya ni kama nyuzi 94. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. "Basi huku hata maji hayana moto," akasema, akarudisha mfuniko.

Mimi nilikuwa na vita yangu. Nilikuwa nimefungua kibanda cha ushonaji na kutundika mlangoni kazi nilizozijua: dera, magauni mepesi, blauzi za mikono mifupi. Wanawake walisimama, wakavuta kitambaa kwa vidole viwili, wakauliza, "Ndani hakuna bitana?" Nikisema hakuna, walinishukuru kwa adabu na kwenda zao. Kwa miezi mitatu niliziba matundu na kupunguza suruali. Usiku nilimwambia mume wangu kwamba watu wa huku hawapendi mgeni. Haikuwa kweli, na moyoni nilijua. Nilikuwa nawashonea watu wa mji mwingine.

Aprili nilimeza kiburi changu, nikaenda kwa fundi mmoja mzee pale Mwanjelwa, bingwa wa makoti. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba miaka yote nimeshona nguo za joto na sasa naomba anifundishe kuvalisha koti bitana. Alinitazama mikono, si uso. Akanipa kipande cha sufu na kuniambia nikate. Wiki tatu nilikaa kwenye kigoda chake. Alinionyesha kwamba bitana hukatwa kwa nafasi kidogo mgongoni, kwa sababu nguo ya baridi huvaliwa na mtu aliyejikunja, naye lazima apate pa kujinyoosha. Juni ilipoingia, na asubuhi nyasi zikaanza kuamka zimepauka kwa umande ulioganda, mwanamke mmoja aliniletea mita tatu za kitambaa kizito. Nilipomshonea koti, alilijaribu mbele ya kioo changu, akafunga vifungo vyote, akavuta pumzi ndefu. Hakusema kitu. Alilipa, akatoka nalo mwilini. Nilikaa kwenye kibanda nikatazama mvuke wa pumzi yangu mwenyewe. Mimi nilifika siku ile, miezi sita baada ya treni.

Mwanangu alifika Agosti. Walimu waliwapeleka wanafunzi kuona Kimondo cha Mbozi, kile kipande kikubwa cha chuma kilichoanguka kutoka angani, ambacho wenyeji walikifahamu kabla wageni hawajaanza kukiandika mwaka 1930. Alirudi jioni ameungua uso kwa jua la juu, akaja moja kwa moja kibandani. "Mama, kile kimondo hakikuzaliwa huku," alinieleza. "Kimetoka mbali kuliko watu wote. Lakini hakuna anayekiuliza wa wapi. Wanakiita cha Mbozi tu." Nikamuuliza yeye siku hizi anawajibu nini. Akasema amewajibu wenzake kwenye basi kwamba yeye ni kimondo. Walicheka, na safari hii alicheka pamoja nao. Jina likamganda. Hadi leo nikisikia watoto wanaita "Kimondo!" getini, najua wamekuja kumtafuta wangu.

Walibaki wawili, mama na mwanawe. Mume wangu alidhani yeye amefika tangu siku aliyoripoti kazini. Lakini kila alipotumwa Dar es Salaam alituaga kwa kusema anakwenda nyumbani mara moja, na Bibi alikuwa akimwitikia, "Nisalimie watu wangu."

Oktoba, nyumba ya kuvuka barabara, mzee jirani alifariki dunia. Alikuwa Mmoravian, mtu wa kwaya, na kanisa hilo lina mizizi mirefu kule kwao Rungwe. Kabla jua halijapanda, mtaa ulikuwa umeshasimama. Kila nyumba ilitoa mtu na kitu: ndoo ya maji, mzigo wa kuni, unga, mkungu wa ndizi za mbalaga. Wanaume walipita mlangoni kwetu na sururu na machepe kwenda kuchimba kaburi. Mmoja alisimama, akamnyooshea mume wangu chepe lililozidi mkononi mwake bila neno, kama anavyonyooshewa ndugu. Mume wangu aliingia ndani akavua saa, akamfuata. Aliporudi alasiri, udongo mwekundu ulikuwa hadi magotini, naye hakutaka kuuosha haraka.

Bibi alikunja mkeka wake wa ukindu, akavuka barabara. Alimkuta mjane amekaa kati ya wanawake, akautandika pembeni yake, akakaa. Mmoja ni wa kanisani, mwingine wa msikitini. Mmoja anazungumza Kiswahili cha bondeni kwa Wanyakyusa, mwingine cha Rufiji. Nilipokwenda usiku kumfuata, alinirudisha kwa mkono. Alilala pale siku tatu. Nyimbo zilipoimbwa alinyamaza ameinamisha kichwa, na mjane alipoamka usiku wa manane akiita jina la mumewe, aliyekuwa macho kumshika mkono ni mwanamke ambaye naye amewahi kuita hivyo.

Siku ya tatu aliniita, akaniomba fedha za nazi. Mwanjelwa nzima nilipata nane. Alinituma pia mbuzi na kifumbu, akaketi katikati ya ua wa watu, akaanza kukuna. Kina mama walimzunguka. Wengi walikuwa wamekula wali wa nazi, lakini namna ya kuipata hawakuwahi kuiona. Mmoja aliomba ajaribu. Mbuzi ikamponyoka, nusu ya nazi ikabingirika hadi miguuni kwa mjane, na mjane akacheka. Kicheko kifupi, cha kwanza tangu msiba uingie. Jioni ile waombolezaji walikula mchele wa Kyela ulioiva kwa tui la pwani, na mtu akamwambia Bibi "Ndaga", neno la shukrani. Alivyolipokea, utadhani amelisikia tangu utotoni.

Mvua za Novemba zilipoanza, Bibi aliniomba nimnunulie jembe. Mjane alikuwa amemkatia kipande nyuma ya nyumba yake, wapande maharage pamoja.

Desemba 2018 tulipanda treni tena, tukiteremka kwenda kwenye harusi ya mpwa wetu Dar es Salaam. Pakacha lilikuwa lilelile, ila sasa lilijaa maparachichi na viazi, na juu yake mfuko wa mchele kutoka kwa mjane. Kwenye mahandaki Bibi hakuhesabu. Alimwonyesha mjukuu wake wa kike ukuta wa mwamba ukipita karibu na dirisha, akamwambia, "Babu yako aliandika kuhusu hapa." Stesheni ya Dar es Salaam joto lilitupokea kama mvuke wa sufuria. Shemeji yangu alikuwa anatusubiri, akamkumbatia mama yake, akasema kwa furaha, "Karibu nyumbani, Mama. Sasa umerudi."

Bibi alimshika uso kwa mikono miwili. Alimuuliza hali yake, ya mkewe, ya watoto, mmoja mmoja kwa majina. Kisha akamuuliza treni ya kurudi ni lini. Maharage yake, alisema, yamefikia palizi, na mwenzake hawezi kuyamaliza peke yake.